Je, Wajua? Wimbo Ambao Mwimbaji Hauimbi

Je, wajua kwamba Blind Guardian, bendi ya power metal ya Ujerumani, imevuka miaka 40 tangu ianze, na watu watatu wa mbele jukwaani ni wale wale waliorekodi albamu ya kwanza mwaka 1988? Hansi Kürsch anaimba, André Olbrich anapiga gitaa la solo, Marcus Siepen anapiga la ridhimu. Hansi na André walianza pamoja mwaka 1984 mjini Krefeld, wote wawili hawajatimiza miaka 20. Marcus akaungana nao mwaka 1987, na tangu hapo hakuna aliyehama. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, ambako mpiga solo alilala Sikinde akaamkia Msondo, tunajua hilo si jambo dogo.

Kwa asiyeujua muziki wenyewe: power metal ni roki nzito ya mwendo wa mbio. Mpiga dramu anakanyaga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili. Magitaa mawili yanapokezana kama watu wanaojibizana, na juu yake inapanda kwaya nzima ikibeba kiitikio kirefu kuhusu vita vya kale, wafalme, mazimwi na safari za baharini. Walioonyesha njia ni Helloween wa Hamburg, kwa albamu ya Keeper of the Seven Keys ya mwaka 1987. Blind Guardian walikuwa wadogo zao, na wakubwa hawakuwanyima mkono: Kai Hansen, mwasisi wa Helloween, alikwenda kuimba nao kwenye "Valhalla" mwaka 1989.

Je, wajua kwamba Krefeld huitwa na Wajerumani mji wa mahameli na hariri? Utajiri wake wa karne ya 18 ulitoka kwa wafumaji. Kila ninaposikia Hansi anavyopanga sauti juu ya sauti, uzi mmoja ukipita chini ya mwingine, nauona mkono wa mji huo.

Je, wajua kwamba hawakuanza na jina hili? Walijiita Lucifer's Heritage, Urithi wa Lusifa, na wakatoa kaseti mbili za majaribio, mwaka 1985 na 1986. Wenye maduka walipoliona jina hilo walizipeleka kaseti kwenye rafu ya black metal, muziki ambao vijana hawa hawakuupiga. Ikabidi jina libadilike. Mwaka 1987 wakachukua neno moja kutoka albamu ya Fates Warning, Awaken the Guardian, wakawa Mlinzi Kipofu.

Mimi jina hilo nililikuta Tanga mwaka 1999. Binamu yangu alikuwa baharia, na meli yao ilikuwa imetia nanga Hamburg. Alirudi na sabuni, fulana na CD moja ambayo hakuipenda. Jalada lilikuwa la rangi za giza la kuchorwa kwa mkono, na ndani kijitabu cha maneno kilichoandikwa kwa herufi ndogo mno. Nilikaa na kijitabu kile, kamusi ya Kiingereza na redio ya CD iliyokuwa ikirukaruka kila lori likipita barabarani. Wiki nzima sikuelewa kitu. Ila kiitikio kimoja kiliniingia kifuani kabla sijajua kinasema nini, na hakijatoka mpaka leo.

CD ile ilikuwa Nightfall in Middle-Earth ya mwaka 1998. Je, wajua ina vipande vingapi? 22. Kati ya hivyo 11 ni nyimbo kamili, na 11 vingine ni vya kuunganisha: mtu anasimulia, upanga unagongana, mawimbi yanapiga, kisha wimbo unaingia. Yote inafuata The Silmarillion, kitabu cha J. R. R. Tolkien ambacho mwenyewe hakukiona kikichapishwa. Alifariki mwaka 1973, na mwanawe Christopher akakikusanya na kukitoa mwaka 1977.

(Na je, wajua kwamba Tolkien alizaliwa Afrika? Ni Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892.)

Hapa niruhusu nisimame kidogo, maana ndipo ninapopapenda. Kuna wimbo humo unaitwa "Time Stands Still". Unamhusu Fingolfin, mfalme wa Waelfi, watu wasiokufa kwa uzee. Jeshi lake limevunjwa, nchi imeungua. Anapanda farasi peke yake, anapita katikati ya maadui wanaomkimbia, anafika kwenye malango ya Morgoth, bwana wa giza mwenyewe, anapiga pembe na kubisha. Anamwita atoke wapigane, na Morgoth, kwa kuona aibu mbele ya makamanda wake, anatoka. Fingolfin anamjeruhi mara saba. Akiwa chini, shingo imekanyagwa, anakata mara ya mwisho na kulipata lile guu linalomkanyaga. Mfalme anakufa, lakini Morgoth anachechemea milele. Sasa sikiliza dramu katika wimbo huo: Thomas Stauch, ambaye mashabiki humwita Thomen, hapunguzi mwendo hata mfalme anapoanguka. Nilipogundua jambo hilo, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu na spika moja ya sikio iliyokuwa bado inafanya kazi, niliurudia wimbo mara nne. Tangu siku hiyo najihesabu shabiki lialia.

Je, wajua kwamba mzizi mmoja mnene wa muziki huu uko Mji Mkongwe, Unguja? Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa pale Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi, ambaye dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury. Bendi yake ya Queen, katika "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, ilichukua sauti za watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wakaimba na kurudia, wakarekodi juu ya walichorekodi, mpaka watatu wakasikika kama kwaya ya kanisa kuu. Hansi na wenzake walilijua somo hilo na hawajaficha limetoka wapi. Mwaka 1992 walirekodi upya "Spread Your Wings" ya Queen. Mwaka 2002 wakathubutu zaidi: albamu yao ya mwaka huo wameiita A Night at the Opera, jina lile lile la albamu ya Queen yenye "Bohemian Rhapsody". Watu wengi wameniuliza muziki huu wa Wazungu unanihusu nini. Jibu langu huanzia Unguja.

Katika albamu hiyo ya 2002 wimbo wa mwisho ni "And Then There Was Silence". Una dakika 14. Ni kuanguka kwa Troya, na ndani yake mnasikika maono ya Kasandra, binti mfalme aliyejaliwa kuona yajayo na kulaaniwa asiaminiwe na yeyote. Kuna mashabiki wa siku nyingi waliona sauti zimezidi, gitaa limefunikwa, hasira ya zamani imepotea. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Usiusikilize wimbo huo ukiwa unafanya kazi nyingine. Keti. Mara ya tatu utaanza kutambua kila sauti ni ya nani na inamjibu nani, kama mtu anavyozoea giza la chumba.

Na wale waliocheza Modern Talking kwenye disko za miaka ya 80: je, mwajua kwamba Rolf Köhler, mmoja wa waitikiaji waliokuwa nyuma ya nyimbo zile, ndiye huyo huyo aliyeimba miaka mingi katika kwaya ya Blind Guardian? Alifariki mwaka 2007. Sauti yake mmeisikia maisha yenu yote bila kujua jina lake.

Haya, ya haraka haraka:

Je, wajua kwamba Imaginations from the Other Side ya mwaka 1995 ilisimamiwa na Flemming Rasmussen wa Denmark, fundi aliyewarekodi Metallica katika Master of Puppets?

Je, wajua kwamba mwaka 1989, katikati ya nyimbo za mbio na vita, waliweka "Barbara Ann", wimbo wa furaha uliovumishwa na Beach Boys?

Je, wajua kwamba albamu yao ya kwanza ya moja kwa moja kutoka jukwaani haikurekodiwa Ujerumani? Ilirekodiwa Tokyo, Desemba 1992, ndiyo maana ikaitwa Tokyo Tales.

Je, wajua kwamba katika mchezo wa kompyuta wa Sacred 2, uliotoka mwaka 2008, bendi nzima imo ndani? Mchezaji anawatafutia ala zao zilizopotea, na akizipata wanampigia onyesho.

Je, wajua kwamba walimwimba George R. R. Martin kabla dunia haijakaa mbele ya televisheni? "War of the Thrones" ilikuwa kwenye albamu ya mwaka 2010. Tamthilia ya Game of Thrones ilianza mwaka 2011. Na albamu ile ile inafungwa na "Wheel of Time", kutoka vitabu vya Robert Jordan, mwandishi aliyefariki mwaka 2007 kabla ya kumaliza hadithi yake.

Je, wajua Hansi aliwahi kuwa mpiga besi? Kwenye albamu zote za mwanzo aliimba na kupiga besi kwa pamoja. Kwenye Nightfall besi ikapigwa na Oliver Holzwarth, na mwimbaji akabaki na kipaza sauti peke yake.

Sasa tuje kwenye hesabu ya shabiki. Chukua kalamu. 1998. 2002. 2006. 2010. Hiyo ni miaka ya albamu nne zilizofuatana, na mpenzi wa mpira ameshaona kitu: zote ni za Kombe la Dunia, Ufaransa, Korea na Japani, Ujerumani, Afrika Kusini. Mimi ndivyo ninavyozikumbuka. Nikisikia vuvuzela, moyoni inalia At the Edge of Time, ile albamu ya 2010. Kisha mpangilio ukavunjika, albamu iliyofuata ikaja mwaka 2015. Kutoka hapo tukakaa miaka saba kusubiri nyingine ya bendi kamili, The God Machine, iliyotoka Septemba 2022, mwaka wa Kombe la Qatar.

Miaka saba! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anaanza darasa la kwanza. Mashabiki hawakwenda popote. Tulikuwa tukirudia zile za zamani na kugundua tulivyovipita. Nami nitasema wazi: kusubiri huko ni sehemu ya mapenzi yenyewe. Bendi inayotoa albamu kila mwaka hukupa nyimbo za mwaka huo. Hawa hukupa kitu cha kukaa nacho mpaka umekua nacho.

Je, wajua kwamba walishawahi kuiacha hadithi moja ikining'inia kwa miaka 20? Albamu ya 1995 inamhusu kijana aliyesimama mbele ya kioo. Upande wa pili kuna ulimwengu mwingine unaomhitaji. Anatakiwa kuruka aingie. Albamu ikaisha, na wimbo wa mwisho haukutupa jibu. Mwaka 2015 ikatoka Beyond the Red Mirror, na hapo ndipo tulipojua: hakuruka. Kwa kuwa hakuruka, pande zote mbili zimeharibika, na njia zimefungwa ila moja. Niliposoma maelezo hayo nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Nilipoisikia hadithi ya kwanza nilikuwa kijana mwenye milango kadhaa mbele yangu ambayo sikuiingia. Nilikaa kimya muda mrefu. Kwa kazi hiyo walitumia okestra mbili, za Prague na Budapest, na kwaya tatu, za Prague, Budapest na Boston, lakini kilichonigusa mimi ni yule kijana wa mbele ya kioo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 2005 Thomen aliondoka. Hakuridhika na njia ambayo muziki ulikuwa unaelekea. Alikuwa na bendi nyingine, Savage Circus, iliyofuata mtindo wa zamani, na nafasi yake katika Blind Guardian akaichukua Frederik Ehmke, ambaye yuko mpaka leo. Mashabiki tuligawanyika. Wapo wasiomkubali Frederik hata sasa, na ni kwa sababu ya uchungu tu, maana mkono wake hauna kasoro. Na Januari 2021, Jon Schaffer wa Marekani, mwenzake Hansi katika mradi wa Demons & Wizards, alipokamatwa kwa kuhusika na uvamizi wa bunge la Marekani, Hansi hakuzungukazunguka. Mwanzoni mwa Februari alitangaza kwamba ushirikiano umekwisha. Zilikuwa nyimbo nzuri tangu mwaka 2000, lakini alifanya lililopasa.

Je, wajua kwamba kuna albamu ya bendi hii isiyo na gitaa hata moja? Inaitwa Legacy of the Dark Lands, ya mwaka 2019. Ni Hansi, okestra, kwaya, na hadithi iliyoandikwa na Markus Heitz, inayotokea wakati wa Vita vya Miaka 30 vya Ulaya. Wazo lake lilianza miaka ya 90, na wakawa wanalifanyia kazi pembeni huku wakitoa albamu nyingine na kufanya ziara. Zaidi ya miaka 20 kwa kazi moja! Wenye pupa walisema haitatoka.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi.

Kwenye Somewhere Far Beyond ya mwaka 1992 kuna kiwimbo cha dakika tatu na ushei, "The Bard's Song – In the Forest". Neno hilo, bard, kwetu ni malenga: mtu anayebeba hadithi za watu na kuzipeleka kijiji hadi kijiji. Hakina mbio, hakina makelele. Ni gitaa la akustika na sauti, malenga akiwaaga wenzake msituni. Katika albamu iliyojaa radi, angeweza mtu kukiruka. Hakikurukwa. Mashabiki ndio waliokiokota wakakifanya chao, mpaka leo onyesho lisilo na wimbo huo watu hawaendi nyumbani. Na bendi nayo ikajua. Kwenye The Forgotten Tales ya mwaka 1996 waliweka rekodi yake kutoka jukwaani, na unayemsikia akiimba ni umati.

"Valhalla" nao ni hivyo hivyo kwa namna yake. Bendi inamaliza, vyombo vinanyamaza, watu wanaendelea na kiitikio, tena na tena. Hansi anasubiri. Frederik anawapigia dramu kidogo wasipoteze mwendo. Hakuna anayejua nani atanyamaza kwanza.

Juni 2003 waliandaa tamasha lao wenyewe huko Coburg, Bavaria, usiku mbili, na DVD yake ikatoka mwaka uliofuata. Ninayo. Mwaka jana niliiweka jioni moja umeme ulipokuwa haukatikikatiki, na binti yangu wa miaka tisa akaja kukaa kwenye mkeka karibu yangu na kikombe cha uji. Ilipofika zamu ya wimbo wa malenga, magitaa yakaanza taratibu, kamera ikawageukia watu, maelfu yao, wengine wamefumba macho, wanaume wenye ndevu wamekumbatiana mabegani.

"Baba," akaniuliza, "mbona yule mwimbaji haimbi?"

Nikamwambia asikilize. Akaweka kikombe chini. Watu wa Coburg waliimba ubeti wa kwanza wote, wakaingia wa pili bila kuongozwa, na Hansi amesimama pale, kipaza sauti kimeshushwa mpaka kiunoni, anawatazama. Nami nilikuwa naimba nao, kwa sauti ya chini, tangu neno la kwanza. Binti yangu akageuka akanitazama mdomoni. Kisha akaanza kufuata, nusu ubeti nyuma yangu, maneno asiyoyajua.